Wasifu wa kijiji cha India: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu watu, barabara na usafiri

Wasifu wa kijiji ndo nini hasa?

Andika jina la kijiji chochote cha India kwenye intaneti, utakutana na ukurasa mfupi unaosema kijiji hiki kipo taluka fulani (kipande cha wilaya), wilaya fulani, kina kaya kadhaa, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wa miaka 0 hadi 6 wangapi, wanaojua kusoma asilimia ngapi, alafu mwisho kabisa kuna kimstari kimoja cha usafiri, basi lipo, stesheni ya treni iko zaidi ya kilomita 10. Imeisha hiyo. Watu wengi wanaangalia namba ya watu na kufunga, ule mstari wa usafiri wanauruka, na hapo ndo wanapopoteza kitu cha maana kuliko vyote, maana namba ya watu haikwambii lolote kuhusu maisha ya pale mpaka uiweke pamoja na umbali wa shule, hospitali, soko na kituo cha basi. Maswali yote ya hapa chini nayajibu nikiwa na jambo hilo kichwani.

Hizi namba zinatoka wapi na mbona karibu zote ni za 2011?

Zinatoka kwenye sensa ya taifa ya India. Wenzetu wanahesabu watu kila baada ya miaka kumi tangu 1881 bila kuruka, mpaka ya 2021 ilipoahirishwa kwa sababu ya korona. Kwa hiyo sensa ya mwisho iliyokamilika ni ya 2011, ambayo saa ya kuhesabia ilikuwa usiku wa manane kuingia tarehe 1 Machi 2011. Ilikuta watu 1,210,854,977, na karibu milioni 834 kati yao wakiwa vijijini, yani kama asilimia 69.

Ukiona ukurasa unakupa idadi ya watu wa kijiji kidogo ya mwaka 2023 au 2024, uwe makini. Mara nyingi mtu kachukua namba ya 2011 akaizidisha kwa kasi ya ukuaji ya jimbo zima. Kijiji hakikui hivyo, kinaweza kupoteza nusu ya vijana wake ndani ya miaka mitano wakaenda miji mikubwa kama Surat au Mumbai na jimbo likaendelea kukua tu.

Mbona koma za namba zao zimekaa ajabu?

Wanahesabu kwa laki na krore. Laki ni ile ile yetu, 100,000, na krore moja ni milioni 10. Kwa hiyo ile milioni 1,210 na kitu ya juu wao wanaiandika 1,21,08,54,977. Ukiona 12,34,567 soma milioni moja laki mbili na ushee.

India ina vijiji vingapi, na kijiji ni kitu gani kwa hesabu zao?

Sensa ya 2011 iliorodhesha zaidi ya vijiji 640,000, na zaidi ya 40,000 kati ya hivyo havina mtu hata mmoja. Usishangae, kijiji kwenye vitabu vyao ni eneo la ardhi lenye mipaka ya kodi tangu zamani, watu wawepo wasiwepo. Ndo maana unaweza kufungua wasifu ukakuta sifuri kila mahali.

Kitu kingine ni kwamba kijiji kimoja cha kwenye ramani kinaweza kuwa na vitongoji vinne vitano vilivyoachana, kimoja kando ya lami na kingine ng'ambo ya mto. Wasifu unavijumlisha vyote. Ukisoma "barabara ya lami ipo" jua ipo mahali fulani ndani ya mipaka hiyo, inawezekana kabisa kitongoji cha maskini hakijaguswa.

Juu ya kijiji kuna taluka, ambayo Uttar Pradesh na Rajasthan wanaiita tehsil na Telangana wanaiita mandal, alafu wilaya, alafu jimbo. Uongozi wa kijiji ni baraza linaloitwa panchayat, na marekebisho ya katiba yaliyoanza kazi 1993 yanataka angalau theluthi ya viti viwe vya wanawake, majimbo mengi yamefika nusu.

Kaya wanahesabuje?

Wanaokula chungu kimoja. Ndugu watatu wanaweza kuwa kwenye nyumba moja kubwa lakini kila mmoja ana jiko lake, hapo ni kaya tatu.

Uwiano wa jinsia unasomwaje? 940 ni nzuri au mbaya?

India wanahesabu wanawake kwa kila wanaume 1,000. Taifa zima 2011 lilikuwa 943. Kerala ilikuwa 1,084, Haryana 879.

Sasa kuna namba mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya watu wote, ya pili ni ya watoto wa miaka 0 hadi 6. Hii ya watoto ndo ya kuiangalia kwa jicho kali. Kitaifa ilishuka kutoka 927 mwaka 2001 hadi 919 mwaka 2011, na Haryana ilikuwa 834. Watoto wa umri huo hawahami kwenda kutafuta kazi, kwa hiyo pengo kubwa hivyo lina maana moja, kuna mabinti hawakuruhusiwa kuzaliwa, na waliozaliwa kuna waliotunzwa kwa uzembe. Sheria ya 1994 ilipiga marufuku kupima jinsia ya mtoto tumboni, na bado namba zikaendelea kushuka. Mimi nikiona wasifu wa kijiji wenye 750 kwenye safu ya watoto siwezi kuendelea kusoma mambo ya barabara kama vile sijaona. Ila kama kijiji ni kidogo, chenye watoto 40 tu, usikihukumu, namba inaweza kuyumba kwa bahati ya mwaka mmoja.

Ile ya watu wote inaweza kukudanganya upande wa pili. Almora huko milimani Uttarakhand ilikuwa 1,139, na Ratnagiri pwani ya Maharashtra 1,122, mtu akiona anasema safi sana hawa wanathamini wanawake. Kumbe wanaume wameondoka, wa Ratnagiri wako Mumbai na wa Almora wako Delhi au jeshini, waliobaki kijijini ni kina mama, wazee na watoto. Hapo namba ya watu inakueleza habari ya usafiri bila kutaja basi hata moja.

Kusoma na kuandika je?

Wanahesabu kuanzia miaka 7 kwenda juu, mtu awe anaweza kusoma na kuandika kwa kuelewa, lugha yoyote. Kitaifa ni asilimia 73, wanaume karibu 81 na wanawake karibu 65. Kwenye wasifu angalia hilo pengo la wanaume na wanawake kabla ya wastani, maana wastani unaficha. Na ukiona pengo kubwa nenda moja kwa moja kwenye mstari unaosema sekondari iko kilomita ngapi.

SC na ST kwenye jedwali ni kina nani?

SC ni jamii zilizokuwa zikitengwa na mfumo wa tabaka, wengi wanajiita Dalit, walikuwa asilimia 16.6 ya watu wote mwaka 2011. ST ni makabila yaliyoandikwa kwenye orodha maalum ya serikali, asilimia 8.6. Kuwa kwenye orodha kuna maana kubwa, kunagusa nafasi za shule, kazi za serikali na viti vya uchaguzi.

Sasa hapa kuna jambo la kwetu kabisa. Kuna kijiji kinaitwa Jambur, karibu na mji wa Talala, wilaya ya Gir Somnath jimbo la Gujarat, pembeni ya msitu wa Gir wenye simba. Wakazi wake wengi ni Wasidi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi mwambao wetu huu wa mashariki na bara yake, wakapelekwa India kwa karne nyingi kama watumwa, mabaharia na askari. Leo wanaongea Kigujarati, wana dargah, yani kaburi takatifu, ya mtakatifu wao Nagarchi Pir hapo hapo Jambur, na ngoma zao bado zinaitwa goma. Ukifungua wasifu wa kijiji kama hicho hutaona neno Sidi popote. Utaona tu namba kwenye safu ya ST. Mamia ya miaka ya historia imeingia kwenye kisanduku kimoja cha herufi mbili.

Na tena orodha yenyewe inakwenda kwa mahali. Wasidi wa Gujarat wameandikwa ST kwa wilaya za Saurashtra, upande wa Gujarat iliko Jambur, zilizotajwa kwa majina, na Kutch, wilaya nyingine ya Gujarat, haimo. Kwa hiyo Msidi wa Jambur anahesabiwa kwenye safu ambayo ndugu yake wa Kutch hayumo. Mtu anayesema jedwali halina upendeleo na afikirie hilo. Wasidi wa Uttara Kannada kule Karnataka nao walisubiri mpaka 2003 kuingizwa.

"Main worker" na "marginal worker" tofauti yao?

Wa kwanza alifanya kazi miezi sita au zaidi kwa mwaka, wa pili chini ya hapo. Alafu wanagawanywa, wakulima wenye shamba, vibarua wa mashambani, kazi za mikono nyumbani, na wengineo. Kijiji chenye vibarua wengi kuliko wakulima mara nyingi ni kijiji ambacho ardhi iko mikononi mwa wachache.

Babu yangu alitoka Kutch. Mbona kijiji kina nyumba nyingi na watu wachache?

Swali hili linaulizwa sana na Wahindi wa Nairobi, Mombasa, Dar na Unguja. Kutch ndo wilaya kubwa kuliko zote India kwa eneo, kilomita za mraba 45,674, na 2011 ilikuwa na watu kama milioni 2.1 tu. Vijiji vya karibu na Bhuj kama Madhapar na Baladia vimepeleka watu Afrika Mashariki na Uingereza vizazi na vizazi. Sensa inamhesabu mkazi aliyekuwepo kipindi cha kuhesabu, yule aliye Nairobi mwaka mzima hayumo hata kama kajenga ghorofa, kaweka pesa benki ya kijijini na kila harusi anarudi. Madhapar inajulikana India nzima kwa pesa zilizolala kwenye mabenki yake, na kwa wanawake kama 300 ambao Desemba 1971, wakati wa vita na Pakistan, walitengeneza ndani ya saa 72 uwanja wa ndege wa Bhuj uliokuwa umepigwa mabomu.

Ukilinganisha miaka ya nyuma kwa Kutch kumbuka pia tetemeko la tarehe 26 Januari 2001. Lilipiga wiki chache kabla ya sensa, watu kama elfu ishirini walikufa, na wilaya nzima haikuweza kuhesabiwa pamoja na wengine.

Kwenye usafiri naona herufi a, b, c. Ndo nini?

Huduma ikiwepo kijijini wanaandika ipo. Kama haipo wanaweka umbali wa ilipo, a ni chini ya kilomita 5, b ni 5 hadi 10, c ni zaidi ya 10. Mimi hii c inanisumbua, kwa sababu kilomita 11 na kilomita 60 zote ni c. Aliyeko kilomita 11 anaweza kwenda na baiskeli akarudi, wa 60 analala njiani.

Kwanini vijiji vingine vina lami na jirani yao hana?

Hapa ndo watu na barabara vinakutana. Tarehe 25 Desemba 2000 India ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, kwa kifupi PMGSY. Lengo ni kila makazi yasiyo na barabara ya kupitika mwaka mzima yapewe moja, ila kwa kigezo cha idadi ya watu, 500 na zaidi kwa maeneo ya tambarare, 250 na zaidi kwa milimani, jangwani na maeneo ya makabila, wakitumia sensa ya 2001. Umeona? Namba ile ile unayoisoma kwenye wasifu ndo ilikuwa inaamua. Makazi ya watu 510 yanapata, ya watu 480 yanasubiri, ingawa matope ni yale yale na mama mjamzito ni yule yule. Waliweka njia ya kujumlisha vitongoji vilivyo ndani ya mita 500, na hiyo iliokoa wengi, lakini palipo na kitongoji cha peke yake hakuna wa kujumlishwa naye.

Mpaka sasa mpango umejenga na kukarabati zaidi ya kilomita laki saba, ni kazi kubwa sana na lazima isifiwe. Awamu ya nne iliyoidhinishwa Septemba 2024 inalenga makazi 25,000 ambayo bado. Kwa hiyo ukisoma wasifu wa 2011 unaosema hakuna lami, usiuchukulie kama habari ya leo, kuna uwezekano mkubwa imeshafika.

Barabara ikifika kijiji kinatajirika?

Si moja kwa moja. Wachumi Sam Asher na Paul Novosad walitumia kile kile kigezo cha idadi ya watu, wakalinganisha vijiji vilivyokuwa juu kidogo ya mstari na vilivyokuwa chini kidogo. Walichokikuta ni kwamba watu walitoka kwenye kilimo wakaenda kufanya kazi nje ya kijiji, lakini mapato na mali za waliobaki hazikubadilika sana. Barabara inafungua mlango, cha kupitisha mlangoni ni lazima kiwepo.

Mfano wa kinachopita ni maziwa ya Gujarat. Ushirika ulioanza 1946 wilaya ya Kaira, ambao leo dunia inaujua kwa jina la Amul, unakusanya maziwa vijijini asubuhi na jioni. Mama mwenye nyati wawili anapeleka lita zake kwenye kituo cha kijiji, yanapimwa mafuta, yanaandikwa, gari linapita. Maziwa hayasubiri. Gari lisipofika kwa sababu mvua ya masika yao ya Juni hadi Septemba imekata njia, jasho la siku hiyo limemwagika. Huwezi kuelewa Amul bila barabara za vijijini.

"Huduma ya basi ipo" ina maana gani?

Ina maana basi linafika. Haisemi mara ngapi. Basi kumi kwa siku na basi moja kwa siku yote yanaandikwa "ipo", na kwangu mimi hilo ndo kosa kubwa kuliko yote kwenye jedwali zima. Mengi ya vijijini ni mabasi ya mashirika ya majimbo, Gujarat na Maharashtra watu wanayaita ST (State Transport, siyo ile ST ya makabila). Kuna lile linalofika jioni, dereva na kondakta wanalala kijijini, alfajiri linaondoka na wanafunzi, wagonjwa na wauza mboga. Kijiji chenye basi la namna hiyo kina bahati, maana ratiba yake inafanana na siku ya mtu. Ukitaka kujua ukweli uliza swali moja tu, basi la mwisho la kurudi kutoka mjini ni saa ngapi?

Nauli nayo inabadilika siku hizi. Karnataka tangu tarehe 11 Juni 2023 wanawake wanapanda mabasi ya kawaida ya serikali bure, Telangana ikafuata Desemba mwaka huo huo. Wasifu wa 2011 hauwezi kukwambia hayo.

Na basi lisipokuwepo?

Jeep za kuchangia, tempo, na bajaji za abiria nane hadi wengi zaidi. Hizi bajaji na pikipiki zinazojaa Dar, Mwanza na Kisumu nyingi zinatoka huko huko, Bajaj Auto ni kampuni ya Pune. Saurashtra na Kutch kuna chhakdo, mbele pikipiki, nyuma kitanda cha kubebea watu, magunia na mbuzi pamoja. Zinafanya kazi kubwa sana na usalama wake ni mdogo, na sehemu kubwa ya usafiri wa kijiji uko hapo ambapo basi la serikali halionekani.

Treni iko karibu, kwa hiyo usafiri ni mzuri?

Inategemea inasimama au inapita. Treni za haraka zinapita stesheni ndogo bila hata kupunguza, zinazosimama ni za abiria za polepole, pengine mbili tatu kwa siku. Pia angalia aina ya reli. Tangu 1992 India imekuwa ikibadilisha reli za mita moja kuwa pana za milimita 1,676, lakini pale Talala karibu na Jambur mstari unaopita msitu wa Gir umebaki wa mita moja kwa sababu ya simba, na treni zake zinakwenda taratibu.

Umbali unagusa vipi wasichana?

Sana. Vijiji vingi vina shule ya msingi ndani, sekondari iko kilomita kadhaa. Mvulana anatembea au anaomba lifti, msichana wazazi wanaogopa njia, wanaona bora abaki. Bihar, jimbo lililokuwa mkiani kwa kusoma na kuandika, mwaka 2006 lilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa rupia 2,000 za kununua baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash wakaja kupima, uandikishaji wa wasichana sekondari ulipanda kwa kama asilimia 32, na faida kubwa ilikuwa pale shule ilipokuwa zaidi ya kilomita 3. Hakuna shule mpya iliyojengwa kwa pesa hizo, umbali ndo ulipungua. Na uzuri wake wasichana waliondoka kwa makundi, baiskeli kumi zikifuatana barabarani, na usalama wao ulikuwa humo humo kwenye kundi.

Na mgonjwa au mjamzito?

Bihar hiyo hiyo, kijiji cha Gehlaur wilaya ya Gaya, aliishi Dashrath Manjhi, kibarua wa jamii ya Musahar, moja ya jamii za Dalit. Kati ya kijiji chao na huduma za mji wa Wazirganj kulikuwa na kilima. Mke wake Falguni Devi aliumia akafariki, tiba ikiwa mbali. Kuanzia 1960 Manjhi alichukua nyundo na tindo akaanza kukata mwamba peke yake, akamaliza 1982. Njia ina urefu wa kama mita 110, na ilipunguza safari ya kutoka Atri kwenda Wazirganj kutoka kilomita 55 hadi 15. Alifariki 2007. Watu wanamsimulia kama shujaa na kweli ni shujaa, ila inauma kwamba miaka 22 mtu mmoja alifanya kazi ambayo ilikuwa ya serikali.

Mambo yamesogea tangu hapo. Gari la wagonjwa la bure, namba 108, lilianza Hyderabad 2005 likasambaa majimbo mengi. Mwaka huo huo serikali ikaanza kuwapa kina mama pesa wakijifungulia kituoni, na kila kijiji cha watu kama 1,000 kikapata mhudumu wake wa afya wa kike aitwaye ASHA, ambaye mara nyingi ndo anayetafuta gari usiku na kumsindikiza mama. Waliojifungulia kwenye vituo walikuwa asilimia 39 mwaka 2005 na 2006, wakafika 89 kwenye uchunguzi wa 2019 hadi 2021.

Nawezaje kukipata kijiji sahihi?

Usitafute kwa jina tu, Rampur ziko nyingi mno. Anza na jimbo, wilaya, taluka, alafu namba ya sensa ya tarakimu sita. Angalia pia wilaya zilizogawanywa, Gir Somnath imezaliwa Agosti 2013 kutoka Junagadh, kwa hiyo kwenye sensa ya 2011 Jambur utaikuta chini ya Junagadh.

Namba mpya zinakuja lini?

Serikali ya India imetangaza sensa yenye tarehe ya kuhesabia 1 Machi 2027, na sehemu za theluji kama Ladakh 1 Oktoba 2026, na safari hii tabaka la kila mtu litaandikwa. Mpaka namba za vijiji zitakapotoka, tumia za 2011 ila andika mwaka pembeni kila unapozitaja, na kwa habari za basi na barabara mpigie simu mtu aliyeko kule.